Monita inasema "No Signal" baada ya apdeti ya Ubuntu, fundi anataka kubadilisha poti ya HDMI

msanifu_kirumba · Mwanza

Wakuu habari za jioni. Nina ThinkPad P50 ya mtumba, ndani ina kadi mbili za grafiki: Intel HD 530 na NVIDIA Quadro M1000M. Natumia Ubuntu 24.04. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu na mabango, kwa hiyo bila monita ya nje ni mateso. Kurasa mbili hazienei kwenye kioo cha inchi 15 hata ukikodoa macho.

Wiki hii nimekubali apdeti kama kawaida, nikawasha upya, nikachomeka monita, ikaandika "No Signal" na kulala. Kioo cha laptopu kiko safi kabisa. Kwenye Settings, sehemu ya Displays, naona skrini moja tu.

Nimempelekea fundi hapa mjini, akamulika poti kwa tochi, akasema imekufa, anataka 90,000 afungue aibadilishe. Sijampa jibu bado. Kuna mwenye uelewa kabla hela haijatoka?

kipanga_mweupe

Piga Windows mkuu. Linux waachie watu wa chuo.

wa_nyali · Mombasa

Ndugu yangu, kwanza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, hata kwenye Ubuntu kinaitika. Huenda umeiacha kwenye skrini ya ndani peke yake. Pili, hiyo kebo umeijaribu kwengine? Usidharau kebo. HDMI ina pini 19, na si zote zinazobeba picha. Ya 15 na 16 ni za mazungumzo, hapo ndipo monita inapojieleza kwa laptopu ukubwa wake na kasi yake, na ya 19 ndiyo inayotoa taarifa kwamba kuna kitu kimechomekwa. Pini hizo zikilegea, laptopu haijui kama kuna monita duniani.

msanifu_kirumba

Asante kaka. Windows na P haileti kitu chochote. Kebo ninayotumia ndiyo ileile inayofanya kazi kwenye king'amuzi, nikiichomoa huko na kuileta kwenye laptopu, giza. Monita nayo kwenye king'amuzi inaonyesha picha safi.

bit_na_baiti · Dar

Basi kebo nzima, monita nzima. Tumebaki na poti au draiva (programu inayoiendesha kadi ya grafiki), na kuzitenganisha hizo mbili hakuhitaji bisibisi. Usimruhusu mtu aweke moto kwenye ubao wa mashine kwa ushahidi wa tochi.

Fungua terminali, andika hizi moja baada ya nyingine, ulete majibu yote kama yalivyo:

lspci -k | grep -A 3 VGA
ls /sys/class/drm
uname -r
mokutil --sb-state

Ya kwanza inataja kila kadi na draiva iliyoishika. Ya pili inaorodhesha matundu ya picha ambayo kerneli, yaani kiini cha Ubuntu, inayatambua. Hizo nyingine nitakueleza nikiona majibu.

Halafu kama una flashi yenye Ubuntu, iwashie mashine, chagua Try Ubuntu, usiinstoli kitu. Ukishafika kwenye desktopu chomeka monita, utuambie umeona nini.

mwalimu_wa_fizikia · Morogoro

Naongezea kipimo kingine ambacho hakihitaji hata flashi. Zima mashine, chomeka monita, kisha washa. Ukiona nembo ya kampuni au kurasa za bayosi (programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya mfumo) kwenye monita ya nje, poti ni nzima, kwa sababu hapo mfumo wala draiva yake haijaanza kazi. Ila usipoiona nembo usihukumu chochote. Laptopu nyingi zinaipeleka kwenye kioo cha ndani pekee mpaka ubadilishe mpangilio.

msanifu_kirumba

Nembo haijatokea kwenye monita. Majibu ya terminali haya hapa:

00:02.0 VGA compatible controller: Intel Corporation HD Graphics 530
Subsystem: Lenovo
Kernel driver in use: i915
Kernel modules: i915

01:00.0 VGA compatible controller: NVIDIA Corporation GM107GLM
Subsystem: Lenovo
Kernel modules: nvidiafb, nouveau, nvidia_drm, nvidia

Kwenye orodha ya pili naona card1 na card1-eDP-1, basi. Mokutil imejibu "SecureBoot enabled".

Sasa mkuu, ya flashi imenishangaza. Nimechagua Try Ubuntu, nikachomeka HDMI, monita IMEWAKA. Picha safi, hata naburuza dirisha kutoka huku kwenda kule.

wa_nyali

Allah! Na fundi ataka kuchokonoa poti nzima.

bit_na_baiti

Hapo poti imeshajitetea yenyewe. Sasa rudi kwenye majibu yako, soma kadi ya pili mstari kwa mstari. Intel ina "Kernel driver in use: i915". NVIDIA haina mstari huo kabisa. Ina orodha ya moduli zinazoweza kuiendesha, lakini hakuna hata moja iliyoishika. Kadi ipo, umeme inapata, haina dereva wa kuiendesha. Na eDP-1 uliyoiona ndicho kioo chako cha ndani. HDMI haimo kwenye orodha, kerneli haijui kama mashine ina tundu hilo.

Sababu ni ufundi wa mashine hii. Kwenye P50 kioo cha ndani kinapata picha kupitia Intel, lakini HDMI na Mini DisplayPort zimeungwa moja kwa moja kwenye chipu ya NVIDIA. Ni kama nyumba yenye mita mbili za LUKU, moja ya vyumbani na moja ya fremu ya mbele. Fremu ikiwa giza huku chumbani taa zinawaka, huvunji ukuta kutafuta waya, unaenda kuangalia mita ya fremu.

Laptopu nyingine hazijaungwa hivyo. EliteBook na Latitude za kawaida zenye Intel peke yake, kila tundu ni la Intel. Ndiyo maana ushauri wa "mimi yangu niliwasha upya ikakubali" hausaidii mpaka ujue tundu lako ni la chipu ipi.

Flashi imefanya kazi kwa sababu inatumia nouveau, draiva huria inayokuja ndani ya kerneli, na kadi yako inaiweza vizuri. Ukishainstoli draiva ya NVIDIA yenyewe, kifurushi chake kinaifungia nouveau nje ili zisigombane. Kwa hiyo ya NVIDIA ikikwama, hakuna wa kushika zamu.

Swali lililobaki ni kwa nini imekwama.

kipanga_mweupe

Si ameshasema ni apdeti? Apdeti imeua draiva. Kila siku nasema humu, mashine ikiwa inafanya kazi usiiguse.

mwalimu_wa_fizikia

Apdeti ni mtuhumiwa, hajakutwa na hatia. Na bahati nzuri Ubuntu haifuti kerneli ya zamani mara moja. Msanifu, washa mashine huku unagusagusa Esc mpaka ije menyu ya GRUB, ingia Advanced options for Ubuntu, chagua kerneli ya pili kutoka juu, ile isiyo na maneno recovery mode. Hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitumia wakati monita inafanya kazi. Ikiwaka huko, apdeti ina kesi ya kujibu. Isipowaka, tutafute kwingine.

msanifu_kirumba

Nimeingia kerneli ya zamani. Giza vilevile. Nimerudia ile lspci, NVIDIA bado haina huo mstari wa "in use".

bit_na_baiti

Safi sana, hicho ndicho kipimo kilichokuwa kinakosekana. Kerneli ileile, draiva ileile, zilikuwa zinafanya kazi na sasa hazifanyi. Basi kilichobadilika kiko nje ya Ubuntu. Kuna mtu aliyeingia kwenye bayosi ya mashine hii siku za karibuni?

Na andika hii: sudo modprobe nvidia

msanifu_kirumba

Modprobe imejibu hivi:

modprobe: ERROR: could not insert 'nvidia': Key was rejected by service

Kuhusu bayosi, kuna jambo. Laptopu ilikuwa ikiwaka inaleta 0271, Check Date and Time settings, saa inarudi nyuma kila nikiizima. Nikaipeleka ikabadilishwa betri ndogo ya saa. Huyo aliyebadilisha aliingia kwenye ile skrini ya bayosi akabonyeza F9, akasema anarudisha mambo ya kiwandani ili isisumbue, kisha F10 ikajiwasha. Nikakaa nayo nyumbani. Monita iko ofisini, na nilipofika ofisini niliruhusu apdeti kwanza ndipo nikachomeka. Kwa hiyo nikaona ni apdeti.

bit_na_baiti

Ndiyo hiyo. F9 imerudisha mipangilio ya mwanzo, na mojawapo ni Secure Boot, imewashwa. Kabla ya hapo bila shaka ilikuwa imezimwa, ama na aliyekuuzia au na aliyekupigia Ubuntu.

Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli ya Ubuntu haipokei moduli isiyo na saini inayoitambua. Kerneli yenyewe na nouveau zina saini ya Canonical, zinapita. Ya NVIDIA kama iliinstoliwa kwa njia ya DKMS inajengwa hapohapo kwenye mashine yako na kutiwa saini kwa ufunguo wa mashine yako, na ufunguo huo lazima uwe umesajiliwa. Wako haujasajiliwa. Ukiandika dkms status utakuta imeandikwa installed, roho inatulia, kumbe kujengwa ni jambo moja na kuruhusiwa kuingia ni jingine. Watu wanainstoli draiva upya usiku kucha na kumaliza bando, wakati draiva haina tatizo lolote.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuizima Secure Boot: washa, bonyeza F1, nenda Security, kisha Secure Boot, weka Disabled, F10. Dakika moja.

Ya pili ni kuusajili ufunguo:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakuomba paswedi. Tunga yoyote ya muda, hiyo haihusiani na paswedi ya kuingilia. Weka herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu skrini utakayoiandikia inasoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, na alama nyingine zinahama. Washa upya. Itakuja skrini ya bluu imeandikwa Press any key to perform MOK management, na inahesabu sekunde 10 tu. Ukizubaa inapita, ombi linafutika, unaanza tena na mokutil. Ukibonyeza kitufe, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika ile paswedi, kisha Reboot.

kipanga_mweupe

Mimi ningezima tu. Hiyo Secure Boot inamlinda nani? Mwizi akibeba laptopu amebeba, hana habari na saini.

bit_na_baiti

Mwizi wa laptopu kweli haimzuii, kazi yake ni kuzuia programu chafu isijipenyeze kabla mfumo haujawaka. Kwa laptopu ya kazi inayopita mikononi mwa watu mimi nasajili ufunguo. Kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa: akizima leo, kesho mtu mwingine akibonyeza F9 tunarudi hapahapa. Ufunguo ukishasajiliwa, hali zote mbili zinapita.

Ila ukiona skrini ya bluu inakutia wasiwasi, zima, hakuna atakayekufunga.

msanifu_kirumba

WAKUU. Imewaka. Nimefuata njia ya ufunguo. Ile bluu kweli haisubiri mtu, nilikuwa na kidole juu ya kitufe. Sasa lspci inasema "Kernel driver in use: nvidia", nvidia-smi inaleta jedwali lake, na kwenye /sys/class/drm kumeongezeka mstari wenye HDMI-A-1. Kurasa mbili ziko mbele yangu upande kwa upande.

Bit, sina la kusema. Ukipita Mwanza sato wa kuchoma ni juu yangu.

wa_nyali

Hongera ndugu. Elfu tisini hiyo nunua kebo ya maana.

silicon_rift · Nakuru

Wadau, naona mko moto, nisaidieni na mimi. Niko na HP ya Intel pekee, Windows 11. Nilifanya format wikendi, sasa TV haionekani kabisa nikichomeka HDMI. Halafu maandishi yamekuwa makubwa ajabu, na ile slaida ya kupunguza mwanga wa skrini imepotea. Jamaa wa duka anasema ninunue adapta ya USB kwenda HDMI. Ni kweli?

bit_na_baiti

Usinunue kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Device Manager, panua Display adapters. Nikibahatisha, utakuta Microsoft Basic Display Adapter.

silicon_rift

Eh, ni hiyo hiyo. Umejuaje?

bit_na_baiti

Slaida ya mwanga. Hiyo Basic Display Adapter ni draiva ya akiba ya Windows, kazi yake ni kukupa picha ya kuanzia mpaka draiva halisi ifike. Haijui kupunguza mwanga na haijui kuhudumia monita ya nje. Tundu lako la HDMI linasubiri draiva ya Intel.

Ingia tovuti ya aliyeitengeneza laptopu, tafuta kwa namba ya mfululizo (serial number) iliyo chini ya mashine, pakua draiva ya grafiki ya modeli hiyo hasa. Usianze na zile programu za kutafuta draiva zote kwa mpigo, nyingi zinaleta matangazo na draiva za mashine ya jirani. Kama intaneti ipo, unaweza pia kujaribu Windows Update, ingia Advanced options kisha Optional updates, mara nyingi draiva imelala humo inasubiri uikubali.

mwalimu_wa_fizikia

Na kwa wengine wa Windows wanaosoma: kama draiva ilikuwa nzuri na ikaharibika baada ya apdeti, bofya kadi mara mbili ndani ya Device Manager, nenda kichupo cha Driver, kuna Roll Back Driver. Kikiwa kimefifia maana yake Windows haikutunza ya zamani. Ukiona pale General pameandikwa Code 43, Windows imeisimamisha kadi kwa sababu kadi yenyewe imeripoti hitilafu. Hapo inaweza kuwa draiva au chipu inayoelekea kuzima, jaribu draiva kwanza kwa kuwa ni bure.

Kuna pia kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kinaiwasha upya draiva ya grafiki bila kuzima mashine. Skrini inapepesa, wakati mwingine unasikia mlio. Monita ikipotea baada ya laptopu kulala, anza na hicho.

silicon_rift

Imerudi! Draiva ya tovuti imeingia, skrini ikapepesa mara mbili, TV ikajitokeza yenyewe. Duka wangenikula pesa bure. Shukran sana.

dhahabu_geita

Samahani kuingilia. Mimi nina kadi ya NVIDIA GTX 1050, Ubuntu pia. Nilinakili amri kwenye video moja, nikainstoli nvidia-driver-580-open, monita ya nje ikafa. Secure Boot yangu imezimwa, nimehakikisha. Kwa hiyo si ugonjwa wa msanifu?

bit_na_baiti

Dalili moja, ugonjwa mwingine. Andika sudo dmesg | grep NVRM. Utakuta analalamika kwamba kadi haina GSP.

Vifurushi vya NVIDIA vyenye -open mwishoni vina moduli huria ambazo zinahitaji kichakataji kidogo kiitwacho GSP ndani ya chipu, na hicho kimeanza na kizazi cha Turing, yaani GTX 16 na RTX 20 kuendelea. Kadi yako ni Pascal, ya msanifu ni Maxwell, zote za nyuma. Ondoa hiyo, weka nvidia-driver-580 bila -open. Au andika ubuntu-drivers devices, itakusomea kadi na kukutajia kifurushi chake kwa jina. Hiyo amri inaijua kadi yako kuliko mtu wa video.

Na nyote wenye Maxwell na Pascal, tawi la 580 ndilo la mwisho kwenu. Mkiona 590 inapigiwa debe, ipisheni.

dhahabu_geita

Ni kweli dmesg imetaja GSP. Naondoa sasa hivi.

pwani_ya_ghuba · Muscat

Mimi nna MacBook Air ya M1 na doki ya USB-C yenye HDMI mbili. Monita moja yawaka, ya pili ng'o. Ni draiva pia?

bit_na_baiti

Hapana, hapo draiva haina kosa. Chipu ya M1 kwenye Air inahudumia monita moja tu ya nje, hata uchomeke matundu kumi. Njia ya kuzunguka ni doki ya DisplayLink, ambayo inabana picha kwa programu na kuipitisha kama data ya kawaida ya USB. Utainstoli DisplayLink Manager, na macOS itakuomba uiruhusu kurekodi skrini. Usishtuke, ndivyo inavyoipata picha. Kabla ya kununua hakikisha doki imeandikwa DisplayLink kweli. Hiyo uliyonayo inaelekea ni ya kupitisha tu.

mwalimu_wa_fizikia

Na wa Linux wanaotumia doki hizo wasifurahi mapema. DisplayLink huku inategemea moduli iitwayo evdi, nayo inajengwa kwa DKMS. Secure Boot ikiwa imewashwa na ufunguo haujasajiliwa, inagomea mlango uleule wa msanifu. Ukishasajili ufunguo kwa ajili ya NVIDIA, evdi nayo inapita, ni ufunguo mmoja.

msanifu_kirumba

Narudi na swali dogo. Tangu NVIDIA iamke, feni inavuma na betri inashuka haraka. Nimesoma mahali kwamba sudo prime-select intel inailaza NVIDIA. Niiweke?

bit_na_baiti

Ukiwa safarini bila monita, iweke. Ukiwa ofisini usiiguse, kwa sababu ukiilaza NVIDIA umelilaza na tundu la HDMI, utarudi hapa na kichwa kilekile cha uzi. Kwa matumizi ya kila siku weka sudo prime-select on-demand, uwashe upya. Intel inabeba kazi ndogondogo, NVIDIA inabaki na tundu lake na programu unazoiagiza. Ukitaka kujua uko wapi sasa, prime-select query.

Feni bado itavuma kiasi ukiwa na monita ya nje, kadi haiwezi kulala huku inatoa picha. Isafishe vumbi kwanza, hiyo mashine ina umri.

msanifu_kirumba

Query imejibu nvidia. Nimebadilisha kuwa on-demand, monita bado inawaka na feni imepunguza kelele. Vumbi nitalitoa Jumamosi, lakini nitafungua mwenyewe, na bayosi hagusi mtu.

kipanga_mweupe

Hiyo flashi ya Ubuntu inatengenezwaje? Naulizia rafiki yangu.

wa_nyali

Rafiki yako aanze na flashi ya GB 8 tupu, kisha afungue uzi wake. Hapa pashajaa.